Lubumbashi: Kwa picha za wanyama pori, kwanza kamera au kwanza jicho?

LUBUMBASHI – Mwaka 2025, watafiti wanaofanya kazi katika Hifadhi ya Taifa ya Upemba walitoa picha ambayo kabla ya hapo haikuwahi kuchapishwa popote duniani: lechwe wa Upemba akiwa hai. Ni mnyama wa jamii ya swala anayekaa kwenye vinamasi vya bonde la Kamalondo, kule mto Lualaba unakotawanyika na kuwa maziwa na nyasi ndefu. Wanasayansi walimtambua kuwa aina ya pekee mwaka 2005 tu, tena kwa kupima mafuvu na pembe zilizotunzwa makumbusho, si kwa kumfuata porini. Ndege ndogo iliporuka juu ya vinamasi hivyo kuwatafuta, waliohesabiwa walikuwa 10. Makadirio ya watafiti ni kwamba waliobaki hawafiki 100.

Picha hiyo haikupigwa kwa ajili ya mashindano wala kalenda. Aliyeinua kamera alikuwa katika kazi ya kuhesabu. Hata hivyo, mtu akiuliza ni picha gani ya mnyama wa Katanga iliyo na uzito kuliko zote za miaka hii, mimi nitaitaja hiyo bila kusita. Ikiwa lechwe wa Upemba atatoweka, wajukuu wetu watakuwa na picha chache tu za kuonyeshana.

Vijana wa Lubumbashi wanaoishi kwa kazi ya kamera wanalijua vizuri swali linalofuata. Wengi wao wanapiga arusi, mazishi, sherehe za diploma na picha za wanamuziki. Ukiwauliza kwa nini hawapigi picha za wanyama, jibu linakuja haraka: apareyi ninayo, lakini objektifu ya kazi hiyo sina. Objektifu ni lenzi, kama wapiga picha wa hapa wanavyoiita kwa kufuata Kifaransa. Je, jibu hilo ni la kweli au ni kisingizio? Ni vyote viwili, na inafaa kulipima vizuri, kwa sababu wanyama wenyewe hawana muda wa kungoja.

Hesabu ya lenzi

Tuanze na upande wenye kweli. Lenzi ya milimita 600 yenye mwanya wa f/4, ile ndefu nyeupe au nyeusi inayoonekana kando ya viwanja vya mpira, inauzwa zaidi ya dola 12,000 ikiwa mpya. Ina uzito wa kilo 3 hivi bila kamera. Kwa pesa hiyo mtu wa Lubumbashi anapata gari ya okazyo na salio.

Inafanya nini? Chukua kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36. Ukisimama mita 50 kutoka kwa mnyama na lenzi ya milimita 50, ambayo karibu kila mpiga picha wa arusi anayo, fremu yako inafunika upana wa mita 36. Punda milia ndani yake ni kitu kidogo kama chungu kwenye meza. Weka lenzi ya milimita 600, nawe umesimama palepale, fremu inafunika mita 3 tu. Punda milia anajaza picha na kope zake zinaonekana. Hakuna ufundi wa jicho utakaoziba pengo hilo, na anayewaambia vijana kwamba vifaa si kitu anawadanganya.

Kuna lenzi za bei nafuu zinazofika mbali vilevile. Mwaka 2020 Canon ilitoa ya milimita 600 kwa dola 699, isiyofika kilo moja. Lakini mwanya wake ni f/11, maana yake inaingiza mwanga mara 8 chini ya ile ya f/4. Saa nne asubuhi wakati wa jua hutaona shida kubwa. Saa kumi na mbili jioni, wakati pofu na punda milia wanatoka kunywa maji, kamera itakulazimisha kuchagua: ama picha iliyotikisika, ama picha yenye chembechembe kama mchanga. Kwa hiyo tofauti ya bei inalipia ile nusu saa ya mwisho ya mchana, na ndiyo nusu saa yenye wanyama.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana. Hapa kwetu, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, miombo inaungua na moshi unatanda. Mchana udongo unapata joto na hewa iliyo juu yake inacheza. Lenzi ndefu inapiga picha ya hewa yote iliyo kati yako na mnyama, na mita 200 za hewa inayocheza zinaharibu kazi ya lenzi ya dola 12,000 sawasawa na ya dola 699. Dawa yake ni kusogea karibu, kuamka mapema, au kungoja mvua zioshe anga. Hizo haziuzwi dukani.

Mashine iliyoletwa Mikeno

Wazo kwamba mnyama anahitaji mashine maalumu si la jana, na sehemu ya historia yake imezikwa kwenye ardhi ya Kongo. Mmarekani Carl Akeley alikuwa mtaalamu wa kukausha na kupanga wanyama kwa ajili ya makumbusho. Kamera za filamu za wakati wake zilimchosha: zilikuwa nzito kugeuza, na mnyama alikuwa ameshakimbia kabla ya kulengwa. Basi akatengeneza ya kwake, ya mviringo, yenye kichwa kinachozunguka kwa ulaini juu ya miguu mitatu. Mwaka 1921 akaja nayo katika milima ya Virunga na kupiga filamu ya gorila wa porini, kazi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo.

Safari ileile Akeley aliua gorila kadhaa kwa ajili ya makumbusho ya New York. Alikuja na bunduki na kamera katika mzigo mmoja. Kuwatazama wanyama hao kwa karibu kulimgeuza, akarudi kwao kuhimiza walindwe, na mwaka 1925 Ubelgiji ikaunda Hifadhi ya Albert, ambayo leo tunaiita Virunga. Mwaka uliofuata alirudi tena, akafia kwenye mteremko wa mlima Mikeno, akazikwa huko. Mashine yake ilikuwa bora kuliko zote za wakati huo. Kilichobadilisha historia ya gorila, hata hivyo, ni kwamba mtu huyo alibadili swali alilokuja nalo.

Picha mbili za Virunga

Tusogee mbele hadi Julai 2007. Gorila wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi katika eneo la Bukima, Kivu Kaskazini, na kati yao Senkwekwe, dume lililoongoza familia. Mpiga picha Brent Stirton kutoka Afrika Kusini alikuwapo wakati wanaume walipombeba kumtoa msituni. Katika picha yake mwili mkubwa umefungwa kwenye miti, na wabebaji ni wengi kama kwenye mazishi ya mzee wa kijiji. Mwaka 2008 ilipata tuzo ya World Press Photo.

Itazame picha hiyo kwa jicho la fundi. Haina haja ya lenzi ndefu. Mpiga picha yuko karibu, anaona msafara mzima, na nguvu yote inatoka kwenye uamuzi mmoja: kumweka gorila pamoja na watu waliombeba. Mtu mwenye milimita 600 siku ile angepata uso wa Senkwekwe peke yake, safi na wa kutisha, na dunia isingeona kwamba wanakijiji wa Kongo ndio waliokuwa wakimsindikiza.

Picha ya pili ni ya Aprili 2019, na msomaji bila shaka ameiona kwenye telefone yake. Mlinzi wa hifadhi Mathieu Shamavu amejipiga selfie. Nyuma yake gorila wawili, Ndakasi na Ndeze, wamesimama kwa miguu miwili kama watu wanaongoja basi. Ilizunguka dunia nzima kwa siku chache. Kifaa kilikuwa telefone na urefu wa mkono.

Wote wawili walikuwa yatima wa mauaji ya 2007. Ndakasi alikutwa akiwa na miezi miwili hivi, ameshikilia mwili wa mama yake. Walilelewa katika kituo kilichopewa jina la Senkwekwe, yule yule wa picha ya kwanza. Ndakasi alikufa tarehe 26 Septemba 2021, kichwa kikiwa mikononi mwa André Bauma, mlezi aliyekuwa naye tangu alipookolewa. Selfie ile ilihitaji miaka 12 ya kulishwa na kubebwa kabla ya sekunde moja ya kubonyeza. Mpiga picha mgeni mwenye vifaa vyote vya dunia asingeweza kuipata, kwa sababu gorila wasingesimama hivyo mbele yake.

Uongozi wa Virunga ulieleza mapema kwamba hali hiyo ni ya kipekee, kwamba hao ni yatima wanaotunzwa na watu, na kwamba walinzi hawawakaribii gorila wa porini namna hiyo. Maelezo hayo yalisomwa na wachache kuliko walioipenda picha.

Sokwe watatu wa Lubumbashi

Hapo ndipo suala la picha linapotugusa sisi wa hapa mjini. Lubumbashi ina kituo kinachotunza sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara haramu. Kinajulikana kwa jina la J.A.C.K. na kilianza mwaka 2006. Usiku wa tarehe 9 Septemba 2022 watu waliingia humo na kuiba sokwe watoto watatu, wakadai fidia, na wakatuma kwa telefone video inayowaonyesha wanyama hao mikononi mwao. Utekaji wa sokwe kwa ajili ya fidia haukuwahi kujulikana kabla ya hapo.

Kwa wezi hao video ilikuwa risiti: mali tunayo, lipeni. Biashara ya sokwe wachanga inatembea namna hiyohiyo, kwa picha zinazotumwa kutoka telefone hadi telefone kwa mnunuzi aliye mbali. Na picha ya mtoto wa sokwe aliyevalishwa nguo, hata ikipigwa kwa upendo, inamfundisha anayeitazama kwamba huyu ni mnyama wa kufuga nyumbani. Kamera nzuri inazidisha tu hamu hiyo.

Vivyo hivyo kwa kakakuona anayeshikwa mkia kando ya barabara akingoja mnunuzi. Biashara ya kimataifa ya kakakuona imepigwa marufuku kwa uamuzi wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES wa mwaka 2016. Mpiga picha anayemlipa muuzaji ili amweke mnyama vizuri kwenye nyasi, kisha akaandika chini yake kwamba alimkuta porini, amefanya makosa mawili kwa bonyezo moja. Jaribu hilo ni kubwa zaidi kwa asiye na lenzi ndefu, kwa sababu mnyama aliyefungwa hakimbii.

Mbu na inzi nao ni wanyama

Msanii mmoja wa mji huu alionyesha njia nyingine kabisa. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akasoma katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na ni mmoja wa waanzilishi wa Picha, kituo kilichozaa biennale ya Lubumbashi mwaka 2008. Wengi wanamjua kwa kazi zake juu ya mabaki ya Gécamines. Lakini mwaka 2013 alifanya kazi iliyoitwa Essay on Urban Planning, ambamo aliweka picha za Lubumbashi zilizopigwa kutoka angani kando ya picha za wadudu waliochomwa pini kwenye masanduku ya makumbusho.

Kwa nini wadudu? Kwa sababu wakoloni walipopanga mji wa Elisabethville waliacha ukanda mtupu wa mita 500 na zaidi kati ya mtaa wa Wazungu na wa Waafrika. Kisingizio kilikuwa mbu wa malaria: walidai hawezi kuruka umbali huo. Na ipo picha ya mwaka 1929 kuhusu kampeni ya kuua inzi, ambapo mfanyakazi alitakiwa kuleta inzi 50 ili apate posho yake ya chakula. Baloji aliwachukua wadudu hao na kuwaweka kando ya mji waliosingiziwa kuugawa.

Sitasema hii ni picha ya wanyama pori kwa maana ya kawaida. Hakuna machweo wala simba. Lakini ni kazi ambayo mnyama mdogo kuliko ukucha anabeba historia ya mji mzima, na vifaa vyake si vya kutisha: lenzi ya kukaribia vitu vidogo na safari moja angani. Mwaka 2015 Baloji alikuwa kati ya wasanii wa banda la Ubelgiji katika maonyesho ya Venice. Alifika huko kwa swali ambalo mgeni asingejua kuliuliza.

Aliye na kamera ya arusi afanye nini?

Mpiga picha wa arusi ana ujuzi ambao yeye mwenyewe haudhanii. Amezoea ukumbi wenye taa mbaya. Anajua kungoja tukio la sekunde moja lisilorudiwa, na anajua kusogea katikati ya watu bila kuwasumbua. Huo ndio ujuzi wa porini. Anachokosa ni umbali, kwa hiyo achague wanyama wanaokubali kuwa karibu.

Wapo wengi. Vichuguu vikubwa vya mchwa vinavyozunguka Lubumbashi, vingine vikifika mita 5 na kupita, vimeandikiwa sana na wataalamu wa chuo kikuu, lakini ni nani amevipiga picha kwa uzuri? Vinachimbwa kutengeneza matofali kadiri mji unavyopanuka. Mvua za kwanza zinapoanguka, kumbikumbi, inswa kwa wengi wetu, wanatoka kwa maelfu na kuzunguka taa za nyumba, na watoto wanatoka na masufuria. Lenzi ya milimita 50 na taa ya barazani zinatosha. Isipokuwa umeme wa SNEL ukikatika, nao unakatika. Basi betri zijazwe mapema na tochi iwe mfukoni.

Kamera kubwa mtaani pia inaita maswali. Mwenye kamera mkononi hapa nchini anajua jinsi inavyovuta polisi, hasa karibu na madaraja, kambi na ofisi za serikali. Kwa hifadhi ni lazima kupitia ICCN, taasisi ya taifa inayozisimamia. Upemba, iliyoundwa mwaka 1939 na yenye kilomita za mraba 11,730, ndiyo makao ya punda milia wa mwisho wa nchi yetu, lakini ni safari ndefu, na usalama wa njia unapaswa kuulizwa kabla ya kupakia mzigo. Kundelungu iko karibu zaidi, lakini anayekwenda huko akitegemea makundi ya wanyama kama ya Serengeti atarudi na picha za maporomoko ya Lofoi, ambazo nazo si haba.

Kwa mwenye wikendi moja na pesa ya basi, ningemtuma upande wa Likasi, kilomita 120 hivi kutoka hapa. Mbele yake kuna ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha kwenye mto Lufira. UNESCO iliitambua Lufira kuwa hifadhi ya viumbe mwaka 1982. Mwaka huohuo ndege mdogo wa manjano wa ziwa hilo, aina ya mnana, alipewa jina la kisayansi Ploceus ruweti, kutokana na vielelezo vilivyochukuliwa mwaka 1960. Baada ya hapo alikuwa kama amepotea, hadi taarifa ya kuonekana kwake tena ilipochapishwa mwaka 2009. Anajulikana eneo hilo tu, na ndiyo maana watu wanaopenda ndege wanamtamani kutoka mbali.

Hesabu yake inawezekana. Lenzi ya milimita 300 ya okazyo kwenye kamera ya kawaida yenye kihisi kidogo, ukiwa ndani ya pirogi ya mvuvi mita 6 kutoka kwenye matete, inatoa fremu ya sentimita 48 kwa upana. Mnana anachukua karibu robo ya fremu, na nafasi inayobaki ni ya matete na maji. Mwombe mvuvi azime injini mapema, ikiwa anayo, na asivunje matete ili ndege aonekane vizuri. Kiota kikiwa wazi, mwewe naye anakiona. Kaa kimya dakika 20 kabla ya kuinua kamera. Mwanzoni ndege wataondoka wote, halafu wataanza kurudi mmoja mmoja.